Mafuta ya Nazi Siku ya Mnara

Mwalimu wetu wa viungo simpendi, na kufa kwake hakukunibadilisha. Niliosoma nao pale Temeke wakikutana humsifia: ooh, alitutia adabu, ooh, bila yeye tusingekuwa watu. Mie huinuka nikawaachia baraza yao. Kwenda zao!

Alikuwa mtu wa bara, askari wa keya, jeshi la Mwingereza, aliyerudi kutoka vita vya Burma na sauti ya kufokea viziwi. Alitufundisha kuruka farasi wa mbao, kupinduka kichwangomba, kutembea kwa mikono. Lakini fahari yake ilikuwa mnara: wenye miili chini, wepesi wanapanda mabegani mwao, na mmoja kileleni kasimama wima. Huyo wa kileleni nilikuwa mie. Na mabega niliyoyakanyaga yalikuwa ya rafiki yangu, jirani yetu, niliyeingia naye jando. Mtu wa jando moja ni ndugu, hata zaidi ya ndugu. Ndivyo nilivyodhani, mpumbavu mie.

Mwaka ule tukaambiwa Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, atakuja kututazama na kuchagua kijana mmoja akasomee ualimu wa viungo. Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi, na miguu yake ilikuwa imeota sugu hadi magotini. Mie niliitaka nafasi ile hata chakula hakipiti. Shule nzima ilijua ni yangu.

Asubuhi ya siku yenyewe mwalimu akatukagua, akaona vumbi limetupausha miguu.

"Mmepauka hivi mbele ya Mzungu? Mnataka aseme siwatunzi?"

Akaagiza mafuta ya nazi, tena chupa nzima, tujipake kuanzia shingo mpaka nyayo.

Nikamwambia kwa adabu zote, "Mwalimu, mabega na nyayo tuache, tutateleza."

Akanizaba kofi. "Unanifundisha kazi? Paka!"

Tukapaka. Rafiki yangu alijipaka mabega mara mbili, anavyojipendekeza yule. Tukang'ara kama samaki waliotoka kikaangoni.

Nilipanda vizuri. Nikasimama, nikanyoosha mikono, nikasikia makofi yanaanza. Kisha unyayo wa kushoto ukakosa bega, nikaja chini na kuangukia kiwiko cha kulia. Loo! Sauti ile niliisikia mwenyewe.

Bwana Shauri akainuka kitini, akamgusa mmoja wetu, akatazama vidole vyake. Kiswahili alikijua. "Nani kawapaka mafuta?"

Mwalimu hakusita hata kidogo. "Huyu aliyeanguka, bwana. Kaleta chupa kutoka kwao, kawashawishi wenzake. Watu wa pwani hawa, kujipamba tu."

Mzungu akamgeukia rafiki yangu. "Ni kweli?"

Rafiki yangu akanitazama nilivyolala mchangani nimeshika mkono wangu. Akatazama viatu vya Mzungu.

"Ndiyo, bwana."

Basi. Nafasi akapewa yeye, palepale.

Mkono wangu ukaungwa vibaya, kiwiko kikaganda. Nikaishia kulinda magunia ya mbata za nazi kwenye ghala la Mhindi. Mwenzangu akavuma Tanganyika nzima: anazunguka uwanja wa mpira kwa mikono, anawafundisha polisi sarakasi, watu wanamshangilia. Nami kila aliponitajia mtu sifa zake nilimtukana aliyenitajia.

Miaka ikapita, akaja kuoa hapahapa Temeke. Sikutaka kwenda. Wazee wakanishika: "Mmetoka jando moja nyie. Kampe mkono, yaishe." Nikaenda, na hasira zangu zote nikaenda nazo.

Alikuwa amesimama na kanzu yake nyeupe, baba mkwe wake kando. Akaniona, akanyoosha mkono wa kulia, akanong'ona, "Ndugu yangu, yale yamekwisha."

Yamekwisha kwako! Wangu wa kulia hata ukiwa umeganda ungemfikia, sikuongopei. Nikampa wa kushoto.

"Astaghfirullah!" mzee mmoja akaguta. "Kushoto? Siku ya harusi yake?"

"Wa kulia aliuuza yeye," nikasema, na sikupunguza sauti.

Hakuupokea, wala mie sikuushusha. Baba mkwe akamgeukia, akamuuliza taratibu, "Bwana harusi, mwenzio ulimuuza kwa kitu gani?"