Sharti la Kutafuta Maji

Fiqhi, elimu ya sheria za ibada, niliisoma Mai Mahiu, mikono ikiwa na grisi. Nilikuwa fundi wa pancha pale, na mwalimu wangu alikuwa dereva wa lori, mzee aliyesomea Lamu miaka mingi kabla ya kushika usukani. Kila alipopanda kutoka Mombasa alisimama kwangu nimkagulie magurudumu. Siku moja aliniona nikitawadha haraka haraka, akaniuliza nani alinifunza. Nikamwambia nilisilimu ukubwani, nafuata tu vile wengine wanafanya.

Alipanda kwenye lori akatoa kijitabu cha Kiarabu, kurasa zimegeuka manjano, pembeni kumejaa maandishi ya penseli. Yalikuwa maelezo ya mwalimu wake, ambaye naye aliyapokea kwa mwalimu wake. Alisoma sentensi moja, akaifasiri, akanitaka niirudie.

"Basi. Hiyo yatosha mpaka nirudi."

Tuliendelea hivyo, sentensi mbili tatu kila safari, tumekaa juu ya matairi makuukuu. Nikiuliza jambo la mbele alitikisa kichwa. "Hatujafika."

Mimi sikuwa na subira hiyo. Kwetu ni Kaptembwo, Nakuru, ambako wazazi wangu walihamia kutoka Magharibi ya Kenya, na mpaka leo ni watu wa kanisa. Nilikuwa nikirudi nyumbani kila Jumapili, na kina mama wachache Waislamu wa ploti yetu waliposikia nasoma, wakaniomba niwafundishe. Wakaanza kuniita ustadh. Nilipenda, sikatai.

Wiki moja mifereji ikakauka. Mama mmoja mzee anayeuza sukuma wiki akaniuliza, "Ustadh, sasa tutatawadha na nini?"

Tayamamu tulikuwa hatujafika. Lakini nilishasikia habari zake, nikajibu kama mtu anayejua: maji yakikosekana, unapiga viganja kwenye vumbi safi, unapaka uso na mikono. Wakafanya hivyo siku nne.

Dereva alipokuja nilimsimulia, nikitarajia sifa.

"Huko kwenu hakuna wauza maji?"

"Wapo. Wanapita na mikokoteni."

"Kwa bei gani?"

"Ile ya kawaida."

"Na hao mama walikuwa na uwezo wa kununua?"

Hapo nikaanza kuelewa. "Karibu wote," nikasema.

Akafungua kitabu, na kwa mara ya kwanza akaruka kurasa. Akanisomea sharti: kwanza utafute maji, na yakiuzwa kwa bei ya kawaida nawe una uwezo, uyanunue.

"Waliokuwa na uwezo wazirudie swala zile," akasema. "Na utawaambia wewe mwenyewe."

Jumapili hiyo nilikaa mbele yao, nikasema nilikosea. Yule mama wa sukuma akasema, "Mimi nilinunua maji. Moyo wangu haukutulia na hilo vumbi."

"Mbona hukuniambia?"

"Si wewe ndiye ustadh?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Wengine walitandika mikeka wakaanza kulipa swala zao. Yeye akawawekea chai kwenye jiko.

Kitabu tulikimaliza baada ya miaka miwili. Magoti ya mwalimu yalikuwa yameanza kumsumbua, na katika safari zake za mwisho alinitaka nimsomee chote tangu mwanzo. Nilipomaliza, aliandika kwenye daftari langu jina lake, na la mwalimu wake, na la mwalimu wa mwalimu wake. Akaniruhusu kufundisha kitabu hicho, hicho peke yake.

Sasa wanafunzi wa Jumapili wameongezeka, wengine wanatoka mbali. Mwezi uliopita mmoja aliuliza kuhusu zaka ya mahindi ya shamba la kukodi. Nikasema sijui, nikampigia mwalimu simu Lamu, alikorudi baada ya kuacha lori, mbele yao wote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nipe siku mbili," akasema. "Na mimi sina hakika."