Bei ya Mwisho ya Jicho la Kushoto

Dalali wa samani kuukuu, ambaye sokoni walimbatiza Bei ya Mwisho, alikuwa ameahirisha kupasuliwa mtoto wa jicho mara mbili. Mara ya kwanza alisingizia shehena ya makabati, ya pili mafua. Hospitali ikamwambia apige simu kabla ya saa sita Jumatano athibitishe; akikaa kimya, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Jumatano hiyo, saa nne, alikuwa dukani akipapasa meza aliyoinunua juzi akiapa haina kasoro. Ilikuwa na ufa mrefu kama mkono wake.

Binti yake mwalimu, aliyekuwa likizo, akamsomea shairi alilolitunga kuhusu mtu anayegombana na nafsi yake:

*Huyu avuta komeo, mwenziwe arudishia;*
*nami niliye mlango, sina pa kuegemea.*

Akasubiri sifa.

"Kazi mbovu," baba akasema.

"Baba! Vina vimekaa, mizani imetimia!"

"Vina sina neno navyo. Beti tano watu wanavutana, na hakuna aliyeulizwa anataka nini hasa. Hao hawana dalali."

"Wewe unaye?" mkewe akadakia, kitambaa cha vumbi mkononi. "Mwezi mzima unalala ukisema utakwenda, ukiamka huendi."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Kazini, muuzaji na mnunuzi wakikwama, yeye huwatenga, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja amnong'oneze bei yake ya mwisho. Mara nyingi hugundua kwamba wanachogombea sicho wanachokitaka.

Akavuta viti viwili. Akakaa cha kwanza: "Mimi nataka kuona. Basi." Akahamia cha pili, akaanza kupapasa ufa wa meza.

"Taja bei, bwana," binti akamchokoza. "Mteja anaondoka!"

"Nataka..." Akakohoa. "Nikitolewa chumba cha upasuaji nimefungwa jicho, nisishikwe mkono na mtu nisiyemjua. Mama yenu awe mlangoni."

Mkewe akaacha kufuta. "Hiyo tu? Umeninyima usingizi mwezi mzima kwa hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Mzee mzima, hovyo!" Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Piga simu hiyo!"

Alipiga saa tano na robo. Alikwisha kupanga hoja zake, hata akajua atakubali kushuka mpaka wapi: mlangoni ikishindikana, basi ukumbini.

"Nathibitisha," akamwambia karani wa hospitali, "ila kwa sharti. Mke wangu akae mlangoni."

"Mzee, hapa mgonjwa wa jicho hapokelewi bila mtu wake. Lazima uje naye."

Akashusha simu. Bega moja likalegea, kisha la pili.

"Wamekataa?" mkewe akauliza.

"Wamenipa kabla sijaomba," akasema, kama mtu aliyeibiwa ubishi wake. Kisha akagundua kwamba ana njaa, njaa kali, ambayo hakuwa ameisikia tangu mwezi ulipoandama. "Jamani, hapa hapapikwi?"