Ngumi ya Saisi

Utoto wetu wote tulimcheka Baba kwa sababu ya picha. Alikuwa saisi, mtunza farasi wa mzungu mmoja kule Kaptagat, na alisema mchoraji kutoka Uingereza aliwahi kumchora siku nne akiwa ameshika farasi, mbwa wawili miguuni. Mbwa mmoja alikataa kutulia, basi Baba akaficha tonge la ugali kwenye ngumi ya kushoto. Mbwa akakodolea macho hapo, kazi ikaenda. Kila Krismasi hadithi ilirudi, nasi tulikonyezana. Mimi, hata baada ya kuwa mwalimu mzima, ndiye niliyecheka zaidi.

Mwaka jana nilialikwa kwenye harusi katika klabu moja ya zamani hapa Eldoret, nikaiona picha ukutani. Farasi wa kahawia, mtu, mbwa wawili. Watu walikuwa wengi, sikusogea karibu. Kesho yake nilikwenda Kimumu kumwambia Baba nimeiona. Kosa langu ni hilo, kutotazama vizuri kwanza.

Alivaa suti ya kanisa. Anakaribia miaka tisini na magoti hayamtii, lakini ngazi za klabu alizipanda bila mkono wangu.

Farasi alikuwa yule yule wa hadithi ya Baba, hadi kovu la mguuni. Aliyemshika alikuwa kijana wa kizungu, mashavu mekundu, buti zinang'aa. Chini, kwenye kibati cha shaba, waliandika jina la mwenye shamba, la farasi, na majina ya mbwa wote wawili.

Nilipandwa na hasira. Waingereza wanazipenda sana picha hizi. Mnyama anachorwa unywele kwa unywele, anapewa na jina. Lakini kumsimamisha mtu juani siku nne, halafu kumpaka sura ya mwingine? Shukrani ya punda ni mateke, ila mchoraji huyu hata punda hakuwa. Na mimi nilikuwa nimemleta mzee wangu aje aone kwamba hayupo.

"Baba, twende nyumbani."

"Ngoja."

Akanyoosha kidole. Mhudumu wa klabu akaja haraka.

"Mzee, hiyo picha haiguswi."

Hakuigusa. Alikuwa anaonyesha mkono wa kushoto wa yule kijana, uliokunjwa ngumi bila sababu yoyote, na mbwa aliyeukodolea macho.

"Huyo si mimi," Baba alimwambia kwa upole. "Lakini hiyo ugali ni yangu."