Usitie Komeo Mlango wa Ulingo

Nakumbuka vizuri, mjukuu wangu Baraka, siku niliyotaka kuzichoma moto glavu zangu za ndondi kule Tanga. Bingwa wa mji alikuwa amenikataa mara ya tatu. "Sipigani na mkata mkonge," alisema, na watu wake wakacheka. Nilikasirika hadi masikio yakawaka.

Kocha wangu, Mzee Sudi, aliwahi kuwa mpishi wa meli. Aliniketisha akanisimulia habari aliyoisikia kwa makuli wa bandari ya Sydney. Naam, Sydney hii hii tunayokaa leo, mimi Ingleburn, wewe Quakers Hill! Zamani hizo mkanda wa ubingwa wa uzito wa juu ulikuwa haramu kwa mtu mweusi. Bingwa mzungu akitajiwa bondia mweusi, anasema hapigani na watu wa rangi, basi, yameisha. Mweusi mmoja, mtu wa miraba minne, akamfuata bingwa nchi kwa nchi, akimkejeli hadharani, mpaka akambana hapa. Alimtandika, lo! Alimtandika huku akitabasamu na kumtania, mpaka polisi wakalisimamisha pambano. Mzee Sudi alisimulia akirusha ngumi hewani, nami nikirusha, kuku wakatawanyika uani. Mwili unanisisimka hata sasa.

Nikarudi mazoezini. Mwaka uliofuata bingwa wetu alikosa pa kujificha, nikamwangusha raundi ya pili. Nikabebwa juu juu! Ndipo mzee akaninong'oneza kipande alichokuwa amenificha: yule shujaa, alipoupata mkanda, naye aliwakwepa weusi wenzake. Waliukodolea macho miaka na miaka, wengine wakazeeka bila kuugusa. "Mlango ulioubomoa kwa bega," akasema, "usiutie komeo ukishaingia." Kesho yake kijana wa kwanza aliyeniomba pambano nilimwambia, njoo.

Sasa korona imefunga klabu, tunaonana kwenye simu tu. Nasikia Deng, yule kijana wa Sudan Kusini anayekaa Auburn, anataka mpambane klabu zikifunguliwa. Jana ukanijibu, "Nah, Babu. He's a nobody. No one's gonna watch that." Eti si mtu wa maana, hakuna atakayetazama! Wewe, uliyelia jikoni kwangu mabondia wakubwa walipokukataa kwa maneno hayo hayo! Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, kwa binadamu mchungu.

Nimeona video zake. Anapiga, na anaweza kukulaza chini. Hilo ndilo linalokutia baridi, tusidanganyane.

Nasaha yangu ni hii: mkubalie. Ukimkwepa utaendelea kusifiwa, ila wewe na mimi tutajua. Akikuangusha, nitakuja kukuokota mwenyewe, na nitatembea nawe Auburn nzima kichwa juu. Mpigie simu sasa hivi, kabla chai yangu haijapoa. Mungu akupe mkono mzito na moyo mwepesi, na asikunyime mpinzani wa kweli.