Miaka Tisa Bila Ufunguo wa Maduhu

Leo ni siku ya sita, na asubuhi nimejikuta tena nimevaa viatu, nimekaa barazani nasubiri honi ya Maduhu. Akili inajua kwamba tulimzika kijijini kwao, Ipililo. Masikio hayajakubali.

Wengi mnaosoma hapa ni wanafunzi wangu wa zamani wa Bariadi. Maduhu mnamfahamu hata kama jina limewatoka: yule fundi wa mabomba, mrefu, mwenye Peugeot 504 nyeupe, ile ndefu ya safu tatu za viti.

Gari lile lilikuwa na umri sawa na binti yake wa kwanza, Kabula. Hakulinunua kwa maringo. Familia ilikuwa kubwa na gari lilikuwa linauzwa, basi.

Limebeba watoto kwenda shule, mahindi kutoka Dutwa, maharusi, na wajawazito wa mtaa mzima kwenda kliniki. Spea zilipoadimika, alichonga raba za chini ya gari kutokana na tairi la trekta. Watoto wakamshauri anunue gari jipya. Akawaambia walete kwanza jipya litakalofikisha umri wa Kabula.

Mmewahi kuniuliza gari kuukuu hutunzwaje. Nitawaeleza alivyonieleza yeye: halitunzwi kwa kufunikwa turubai. Hutembezwa, na anayeliendesha hulisikiliza.

Kwa hiyo aliliazimisha kwa moyo mmoja. Ila ukirudisha ufunguo, aliuliza swali moja tu: "Limesema nini?"

Ungemwambia gia ya pili inasita, au breki inavuta kulia. Jumamosi angelala chini yake na spana. Aliyejibu kwamba halikusema kitu alitaniwa kuwa aliendesha huku amelala.

Sasa niseme lililonikaa kifuani.

Miaka tisa iliyopita niliazima gari kumchukua shemeji yangu Dutwa. Njiani gurudumu la mbele kushoto likaanza kunguruma. Ilikuwa beringi. Ndani yake kuna gololi za chuma zinazozunguka kwenye grisi; grisi ikiisha, hulalamika kwanza, kisha huvunjika. Hilo nililijua vizuri.

Nilipofika kurudisha, nilimkuta Maduhu na wakwe zake sebuleni. Kwetu tumelelewa hivi: kitu cha kuazima hurudishwa kwa shukrani, si kwa malalamiko, tena mbele ya wakwe wa mtu. Aliponiuliza limesema nini, nikamjibu kwamba halina neno, liko salama kabisa.

Kesho yake alimpakia mkewe na wajukuu wawili kwenda Lamadi kununua samaki. Beringi ikavunjika njiani. Gari likaacha barabara, likaingia kwenye shamba la pamba. Wajukuu hawakupata hata mchubuko. Mama Kabula alivunjika mkono.

Nilikwenda kwake nikaungama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, adabu yako ingeniulia mke."

Halafu akaagiza niletewe uji. Tukanywa. Nilidhani yamekwisha.

Urafiki haukupungua hata kidogo. Lakini ufunguo hakunipa tena. Nilipohitaji gari, alijibu, "Nitakupeleka mwenyewe," na kweli alikuja, akapiga honi, akanipeleka. Miaka tisa nimekaa kiti cha abiria. Majirani walisema mwalimu ana dereva. Mimi nilijua nilichokuwa nacho.

Sikuwahi kumuuliza kama amenisamehe. Kila mara nilijiambia nitamuuliza wiki ijayo. Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba swali lisiloulizwa halijibiwi, na mimi mwenyewe nikashindwa.

Hata hospitali alikolazwa, siku ya mwisho kuonana, tuliongea habari za mvua.

Baada ya maziko watu walianza kutawanyika. Kabula alikuja moja kwa moja hadi nilipokuwa nimesimama, akanishika mkono kwa heshima na kuniwekea ufunguo kiganjani. Nikamwambia amekosea, ampe kaka yake.

"Hapana, baba mdogo," akasema. "Baba alituagiza. Alisema siku ya kumzika mama arudishwe nyumbani na mwalimu, si mtu mwingine."

Niliomba dakika chache. Nilizunguka nyuma ya nyumba, na sitawaambia nilifanya nini huko.

Mama Kabula alikaa mbele, mkono wake ule uliowahi kuvunjika ukiwa juu ya paja. Nikaingiza gia, ile ya kwenye usukani, nikaondoka taratibu mno. Tulipomaliza matuta ya kijijini alinigeukia.

"Mwalimu, kaza mwendo kidogo. Hakukupa gari ulibembeleze."

Nikakaza. Redio tuliizima, tukalisikiliza gari njia nzima mpaka Bariadi.

Ninyi mlio na rafiki na swali, mwendeeni leo.

Maduhu, ndugu yangu, pumzika sasa. Mkeo nimemfikisha.