Mstari Uliofunikwa na Kadi

Mtaani walimwita Kona, kwa sababu ya kona za fremu zake. "Hata ukucha haupenyi," alijigamba, na kweli haukupenya. Nimeishi na mume wangu huyu miaka ishirini na sita, ishirini kati ya hiyo tukiwa pamoja dukani: yeye akikata mbao na vioo, mimi nikikata kadi, ile karatasi nene inayozunguka picha na kuficha kingo zake mbaya. Alitia alama kwa penseli, nikapitisha kisu. Vyeti vya watu sikuvisoma. Ukianza kusoma, kazi haiendi.

Miaka sita iliyopita tumbo lilimwendesha mpaka suruali zikawa zinamvuka. Hospitali wakamwingiza mpira wenye kamera, wakakuta utumbo umejaa vinundu vidogo vidogo, wakanyofoa kimoja wakakipima. Moyoni nilikuwa nimeshamzika. Siku ya majibu akarudi na karatasi, anacheka peke yake njia nzima.

"Si saratani," akaniambia. "Ni tezi za kinga tu, zimenenepa kukushinda wewe."

Nikamchapa na kitambaa cha meza, kisha nikalia kwa furaha.

Ile karatasi akaitia fremu na kuitundika juu ya meza ya kazi. Aliyemuuliza habari za afya alionyeshwa kwa kidole: VINUNDU SI SARATANI. Kaka yangu akamwambia, "Shemeji, wenzako wanatundika digrii, wewe umetundika utumbo." Tulicheka sana siku hiyo.

Dawa zilimtuliza, miaka ikapita. Mwaka huu akaanza kukonda tena, shuka zikawa zinaloa jasho, na ubavuni pakatokea uvimbe unaoshikika kwa mkono. Nikitaja hospitali, ananyoosha kidole ukutani.

"Soma."

Nasoma, narudi kwenye kisu changu. Mimi nani hata nibishane na daktari aliye ndani ya kioo?

Alipoanguka dukani hakuulizwa tena, tukambeba hadi hospitali. Daktari alitaka majibu ya zamani, binti yetu akaja na fremu nzima. Nikang'oa vimisumari kwa funguo pale pale kwenye benchi, nikatoa kadi. Chini ya maneno tuliyoyazoea kulikuwa na mstari mwingine: Kwa wachache huja kuwa saratani ya tezi. Arudi kwa kamera kila mwaka.

Nyuma ya kadi kulikuwa na alama ya penseli ya Kona na mwandiko wake: kata hapa. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, ila hawakusema mke ndiye atakayeshika kisu.

Baada ya vipimo daktari alikuja wodini, mimi nimesimama, Kona kitandani. Ni limfoma, ile saratani ya tezi, alisema, na imeshasambaa. Ingewahiwa ikiwa ndogo, pengine tungekuwa na la kufanya. Sasa ni miezi.

Daktari alipotoka, nilimwekea Kona ile kadi kifuani. Akapitisha kidole kwenye alama ya penseli.

"Ungenisumbua," akasema. "Kila mwaka, lile limpira."

"Ningekusumbua," nikamwambia. "Ningekusumbua mpaka uniite mchawi. Mwaka jana ningekusumbua, na mwaka huu, na mwaka ujao."

Nilipofika kwenye mwaka ujao, akageuza uso ukutani, na mkono wake ukanitafuta.