Mume Wangu Humjua Muuaji Kabla Redio Haijasema

Mhariri, naomba jina langu lisitoke, maana hapa Kibiti gazeti lenu husomwa mpaka barazani kwa baba mkwe.

Nina miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, na nina miezi mitano tu ndani ya ndoa. Jamani, nimeolewa nikaolewa! Mume wangu ananiita "ua langu" hata mbele za watu. Kila Jumatano huenda Mbuchi kununua kamba wakavu, hurudi Jumamosi, na Jumapili alasiri tunajilaza mkekani kusikiliza mchezo wa redio wa upelelezi, ule wanaouigiza kutoka vitabu vya zamani vya Wazungu. Kabla mpelelezi hajasema, mume wangu ameshamtaja muuaji. "Ni daktari huyo, ua langu. Ngoja uone." Na kweli, daktari! Nikajiona nimepata mwenye akili kuliko wanaume wote wa Rufiji.

Mwezi uliopita wifi yangu alitutembelea kutoka Mtunda. Mchezo ulipoanza akaguna, "Wifi, hii si ya Alhamisi? Leo wanarudia tu."

Alhamisi mume wangu yuko Mbuchi, na siku zote huniambia analala kwenye kibanda cha wavuvi. "Redio ya nani kule? Kule mbu tu." Nilipomtania kuhusu marudio, akacheka: "We mwanamke, umeshakuwa askari?"

Basi nikawa askari kweli. Nilimwekea betri mpya kwenye tochi yake, nikazitia doa la rangi ya kucha kitakoni. Jumamosi akarudi, tochi inafifia. Nikaifungua: betri zimechoka, na hazina doa. Zangu zimebaki kwa nani, zinaimbisha redio ya nani?

Somo aliyenifunda kabla ya harusi alinionya: mume akitoka safari usimuulize alikolala, mtekee maji ya kuoga. Nimemtekea, mgongo nimemsugua, na kucheka nacheka naye. Nampenda mno! Akiingia mlangoni hasira zote zinayeyuka. Lakini Jumapili iliyopita aliponinong'oneza jina la muuaji, nilitamani kuizima redio.

Nyinyi mlioolewa zamani, nisemesheni. Nikimuuliza, naogopa kuvunja ndoa changa kwa ajili ya betri mbili. Nikinyamaza, labda yuko mwanamke Mbuchi anayemsikiliza muuaji kabla yangu, kifuani pa mume wangu. Nifanye nini mimi, niulize, au niendelee kuteka maji?